Kutoka Nakuru na Kisumu Hadi Melini Kilindini: Gari Lilale Wapi na Ufike kwa Njia Ipi

Meli ya abiria inayong'oa nanga Kilindini saa kumi na moja jioni haimngoji mtu aliyekwama Gilgil kwa sababu lori limelala barabarani. Nimewasindikiza jamaa zangu mara tatu kutoka Nakuru hadi bandari ya Mombasa, na mara ya nne nilikuwa msafiri mwenyewe pamoja na mke wangu. Katika safari zote nne, kilichotutia jasho kilikuwa cha nchi kavu: tuliacha gari mahali pasipofaa, tulipanga muda mfupi mno, au hatukujua kwamba kutoka stesheni ya reli hadi melini bado kuna mji wa kupita. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wasafiri wa Nakuru, Kericho, Kisumu, Kakamega na sehemu zilizo karibu, ambao njia yao ya kufika baharini ni ndefu kuliko ya mtu wa Nairobi na ina vituo vingi zaidi vya kuharibikiwa.

Watu wa Kisumu hasa wanaweza kudanganywa na mji wao wenyewe. Reli ilipofika pale Desemba 1901 iliishia kando ya maji, na mpaka leo stesheni na bandari ni majirani. Mombasa si hivyo. Reli ya kisasa ya SGR, iliyozinduliwa Mei 2017, inaishia Miritini, upande wa bara, magharibi ya kisiwa. Meli za watalii, kwa upande wake, hufunga Kilindini, kisiwani, katika gati la kwanza, ambako Mamlaka ya Bandari ya Kenya ina jengo maalumu la abiria. Kati ya sehemu hizo mbili kuna kilomita kumi na tano hivi, na kilomita hizo unazigawana na malori ya makontena yanayoingia na kutoka bandarini. Anayepanga safari yake akidhani kwamba kufika Miritini ndiko kufika melini, huyo amekwisha kuchelewa kabla hajafunga sanduku.

Hatua ya kwanza: pata saa ya kufungwa kwa lango, si saa ya meli kuondoka

Tiketi ya meli huandikwa saa ya kung'oa nanga kwa herufi kubwa, na msafiri huishika saa hiyo kichwani. Saa inayokuhusu wewe ni nyingine, nayo ni ile ya kufungwa kwa uandikishaji wa abiria, ambayo kwa kampuni nyingi huwa kati ya dakika sitini na mia moja na ishirini kabla ya meli kuondoka. Muulize wakala aliyekuuzia tiketi akuandikie mambo matatu kwa ujumbe wa simu ili uwe na ushahidi: saa ya kuanza kupokea abiria, saa ya kufunga, na lango la bandari ambalo gari linaloleta abiria linaruhusiwa kufikia. La tatu ndilo watu husahau. Bandari ya Kilindini ni kubwa na ina malango kadhaa, mengi yakiwa ya mizigo, na dereva wa teksi asiyezoea meli za abiria anaweza kukupeleka mbele ya foleni ya malori na kukuambia kwamba mmefika.

Ujue pia kwamba hakuna msindikizaji atakayeingia nawe hadi kwenye ngazi ya meli. Tangu Julai 2004 bandari za kimataifa zinafuata kanuni za usalama wa meli na bandari zinazotaka kila anayeingia eneo la gati awe na sababu na kibali, kwa hiyo asiye na tiketi au kitambulisho cha kazi huishia langoni. Hapo ndipo mahali pa kuagana. Kwa sababu hiyohiyo, usitarajie kuliacha gari la familia ndani ya bandari kwa siku zote utakazokuwa baharini. Anayekuleta hushusha mizigo, hukuaga, na kuondoka.

Hatua ya pili: hesabu saa ukirudi nyuma

Chukua karatasi. Andika chini kabisa saa ya kufungwa kwa uandikishaji, kisha upande juu hatua kwa hatua. Tuseme meli inaondoka saa kumi na moja jioni na uandikishaji unafungwa saa tisa alasiri. Garimoshi la SGR linaloondoka Nairobi saa mbili asubuhi husimama katika stesheni za njiani na hufika Miritini karibu saa nane mchana. Ukiondoa muda wa kushuka, kutafuta mizigo, kutafuta gari na kupita Changamwe, unabakiwa na dakika ambazo mtu mwenye busara hawezi kuzitegemea. Garimoshi la saa nne usiku la usiku uliotangulia litakufikisha kabla ya alfajiri, na litakuacha stesheni gizani ukiwa na usingizi na masanduku. La saa tisa alasiri la siku iliyotangulia, ambalo halisimami njiani kama lile la asubuhi, hufika usiku wa mapema, ukalala kitandani Mombasa na kuamka ukiwa mji mmoja na meli yako.

Ushauri wangu hapa hauna masharti: fika Mombasa siku moja kabla. Gharama ya kulala usiku mmoja ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kuifuata meli kwa ndege hadi bandari inayofuata, ambayo huenda ikawa Zanzibar au Ushelisheli, kwa fedha zako mwenyewe.

Hesabu ya mtu wa Nakuru anayetaka garimoshi la saa tisa alasiri huwa hivi: aondoke nyumbani saa moja asubuhi, afike viunga vya Nairobi saa nne au saa tano, na awe Syokimau, iliko stesheni ya SGR ya Nairobi, ifikapo saa saba mchana, akiwa na saa mbili za akiba. Saa hizo mbili si za anasa. Barabara ya Nakuru hadi Nairobi ina kilomita zipatazo 160, lakini lori moja likilala kati ya Gilgil na Naivasha, kilomita hizo hugeuka kuwa safari ya siku nzima, na madereva wote wa njia ile wanalijua jambo hili kwa uchungu. Mtu wa Kisumu, aliye na kilomita zipatazo 350 hadi Nairobi, hufanya vyema zaidi kupanda basi la usiku, aingie Nairobi alfajiri, na kuchukua garimoshi la saa mbili asubuhi au kupumzika hadi la saa tisa.

Hatua ya tatu: amua gari litalala wapi

Hili ndilo swali linalotangulia mengine yote, na watu wengi hulijibu mwisho, wakiwa tayari wako barabarani na injini inanguruma. Amua kwanza gari lilale wapi kwa siku zote utakazokuwa baharini. Ukishaamua, njia ya kufika Kilindini itajichagua yenyewe.

Jibu la kwanza, na ndilo ninalolipendelea kwa moyo wote, ni kwamba gari libaki nyumbani. Nakuru na Kisumu zina mabasi na matatu za kwenda Nairobi usiku na mchana, na nauli ya watu wawili kwenda na kurudi mara nyingi haifiki bei ya mafuta na maegesho ya siku kumi. Gari lililobaki uani kwako linaangaliwa na mama, na shemeji, au na jirani ambaye mtoto wake anajua sauti ya injini yako. Mwachie mtu huyo ufunguo na umwombe aliwashe mara moja kwa juma.

Jibu la pili ni kuliacha Nairobi. Stesheni ya SGR ya Syokimau ina maegesho ya kulipia, na kwa safari ya siku mbili tatu yanafaa, kwa sababu unatembea kwa miguu kutoka kwenye gari hadi kwenye ukaguzi. Kwa safari ya siku kumi au zaidi uliza kwanza jumla ya ada kwa siku zote hizo, kwa sababu ada ya siku moja inayosikika ndogo ikizidishwa kwa kumi na mbili inaweza kukushangaza siku ya kurudi, wakati mfuko umekwisha kutobolewa na safari. Baadhi ya nyumba za wageni kando ya Barabara ya Mombasa hukubali kutunza gari la mgeni aliyelala kwao usiku mmoja. Mpango huu ni mzuri ukifanywa kwa maandishi, na ni wa hatari ukifanywa kwa maneno.

Nalisema hili kwa sababu lilitupata. Katika safari yetu mimi na mke wangu tuliacha gari katika ua wa nyumba moja ya wageni, na bawabu akaniuliza kwa adabu, "Mzee, gari unatuachia siku ngapi?" Nikamjibu, "Siku kumi na moja, kijana wangu," nikampa ufunguo kwa sababu alisema huenda wakahitaji kulisogeza ili magari mengine yapite. Tuliporudi, gari lilikuwa palepale, limeoshwa hata vioo. Nilipoketi, miguu yangu haikufika kwenye klachi. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, na mita ilikuwa imeongeza kilomita 140. Hakukuwa na mtu wa kuulizwa, kwa maana bawabu wa zamu ile hakuwa tena kazini, na mimi sikuwa na karatasi yoyote. Tangu siku hiyo nafanya mambo manne bila kukosa, na ninakusihi uyafanye.

Kwanza, piga picha ya mita ya kilomita na ya kipimo cha mafuta ukiwa umesimama mbele ya mtu anayepokea gari, naye aone kwamba unapiga. Pili, zunguka gari zima na upige picha pande zote nne pamoja na magurudumu. Tatu, pata risiti yenye namba ya gari, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na kiasi ulicholipa, hata kama imeandikwa kwa mkono kwenye daftari la nakala, na usome maandishi ya chini, kwa kuwa sehemu nyingi huandika kwamba gari linaegeshwa kwa hatari ya mwenyewe. Nne, usiache ufunguo. Mahali ambapo ni lazima magari yasogezwe ndipo pawe pa kwanza kukataliwa. Tafuta mahali ambapo gari likishaingia halina haja ya kusogea.

Kisha kuna betri. Gari lenye king'ora na redio ya kisasa huendelea kunyonya umeme hata likiwa limezimwa, na betri iliyokwisha kuchoka haivuki juma la pili. Kwa safari ya zaidi ya siku saba, beba spana namba kumi kwenye mfuko wa mlango. Fungua boneti, legeza nati ya kichwa cha betri upande wa hasi, wenye alama ya kutoa na mara nyingi waya mweusi, kisha ukivue kichwa hicho na kukifunika kwa kitambaa kikavu ili kisigusane na betri. Huanzi na upande wa chanya, kwa sababu spana ikigusa bodi ya gari wakati huo inaruka cheche. Kumbuka kwamba ukishaondoa umeme, rimoti haitafunga milango, kwa hiyo hakikisha mapema kwamba ufunguo wa chuma unazunguka vizuri kwenye mlango wa dereva. Kazi yote ni ya dakika tatu, na inakuokoa kuhangaika siku ya kurudi ukitafuta mtu mwenye nyaya za kuazima umeme.

Jibu la tatu ni kuliendesha gari hadi Mombasa lenyewe. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ina kilomita zipatazo 480, sehemu kubwa ikiwa ni njia moja kwenda na moja kurudi, na malori ndiyo wenye barabara. Kwa anayetoka Kisumu jumla inazidi kilomita 800, na sioni sababu ya mtu kuendesha umbali huo siku moja kabla ya likizo, isipokuwa kama anakwenda na familia ya watu watano au sita na ana ndugu wa kumpokea. Ukiwa na ndugu Nyali, Bamburi, Changamwe au popote penye ua wenye lango, gari lilale kwake. Usiliache kandokando ya mitaa ya katikati ya mji ukidhani kwamba ada ya maegesho ya kaunti inalilinda: ada ile ni ya kutwa, na gari lililolala siku kadhaa bila malipo mapya linaweza kufungwa gurudumu au kuvutwa. Pwani pia ina unyevu wa chumvi ambao magari yetu ya bara hayajauzoea. Usiache breki ya mkono imevutwa kwa siku nyingi, kwa sababu inaweza kushikamana. Liweke gari kwenye gia, mahali tambarare, na uzuie gurudumu kwa jiwe. Ukirudi, lioshe hadi chini ya sakafu.

Uwanja wa ndege wa Kisumu nao una maegesho, na ndege ndiyo njia ya haraka kuliko zote kwa watu wa huko: unaweza kupitia Nairobi, au kutafuta ndege ya moja kwa moja hadi Mombasa siku ambazo ipo. Kwa watu wawili wasio na mizigo mingi, wakikata tiketi mapema, tofauti ya bei na safari ya nchi kavu inaweza kuwa ndogo kuliko wanavyodhani. Uwanja hauko mbali na mji, kwa hiyo hakuna haja ya kuacha gari pale kwa siku kumi. Tuk-tuk au teksi inatosha.

Hatua ya nne: kufika Syokimau na kupanda SGR

Anayetoka Nakuru kwa gari lake halazimiki kuingia katikati ya Nairobi. Ukifika Gitaru unaweza kushika Southern Bypass, ambayo inazunguka mji na kukutoa kwenye Barabara ya Mombasa, kisha unaelekea Syokimau. Ukiamua kupita Westlands, barabara ya juu ya kulipia, Nairobi Expressway, inakutoa upande wa pili wa mji bila kugusa msongamano wa chini. Kwenye Bonde la Ufa, malori mengi hushuka Mai Mahiu, kwa hiyo magari madogo mara nyingi huenda vizuri zaidi kwa njia ya juu kupitia Kinungi na Limuru, ingawa ukungu wa huko asubuhi unadai mwendo wa pole na taa.

Anayefika kwa matatu kutoka Nakuru atashushwa kwenye mitaa ya chini ya mji, maeneo ya Nyamakima na River Road. Kutoka hapo hadi stesheni kuu ya reli ya Nairobi unaweza kutembea ukiwa na mkoba; ukiwa na sanduku la magurudumu, chukua teksi, kwa sababu vijia vya miguu vya huko vina mashimo na watu, na sanduku linalovutwa linawaita wasio na nia njema. Kwenye stesheni kuu kuna garimoshi dogo linalounganisha mji na stesheni ya SGR kwa ratiba inayofuata ile ya magarimoshi ya Mombasa. Halijui foleni ya Barabara ya Mombasa, na ndiyo maana ninalipendekeza kuliko teksi, hasa Ijumaa.

Tiketi ya SGR ikatwe mapema, kwa kupiga *639# au kwenye tovuti ya Shirika la Reli, na kulipwa kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa imekuwa shilingi 1,500, na ya daraja la kwanza shilingi 4,500. Desemba na wakati wa Pasaka viti humalizika mapema, na meli nyingi za watalii hupita pwani yetu miezi hiyohiyo ya kiangazi kuanzia Novemba hadi Machi, kwa hiyo kata tiketi ya garimoshi wiki ileile uliyothibitisha ya meli. Jina kwenye tiketi liwe sawa na la kitambulisho au pasipoti utakayoonyesha mlangoni.

Ukaguzi wa stesheni ni wa kweli. Nje ya jengo utaambiwa upange mizigo yako chini kwa mstari, usimame kando, na mbwa wa polisi apitishwe kunusa. Kisha mizigo hupita kwenye mashine, na wewe unapapaswa. Mara ya kwanza nilimwona mama mmoja kutoka Kericho, aliyekuwa amebeba chupa kubwa mbili za maziwa lala kwa ajili ya mwanawe, akizitazama kwa wasiwasi mbwa alipokaribia. Mbwa alizinusa, akaendelea, na mama akashusha pumzi. Fika angalau saa moja kabla, na usiweke vitu vyenye ncha kali wala mitungi ya gesi mizigoni. Ile spana namba kumi ibaki kwenye gari.

Kabla hujafunga mlango wa gari Syokimau, fungua dashibodi na utazame ndani. Pasipoti na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano ndivyo vitu ambavyo watu huvihifadhi humo njiani na kuvisahau. Nchi na visiwa kadhaa vya Bahari ya Hindi hudai kadi hiyo kwa abiria anayetoka Kenya, na hakuna wa kukuletea kutoka Syokimau ukiwa langoni Kilindini.

Kwa wanaopenda reli tangu mwanzo, garimoshi la zamani kati ya Kisumu na Nairobi lilirudishwa Desemba 2021, likiwa la safari za mwisho wa juma: huondoka Nairobi Ijumaa jioni, na Kisumu Jumapili jioni. Ni safari nzuri na ya pole. Kwa kuwa ni mara moja kwa juma, na mvua kubwa huweza kuisimamisha, ulithibitishe kabla ya kulifungamanisha na meli.

Hatua ya tano: kutoka Miritini au Mwembe Tayari hadi gatini

Ukishuka Miritini utapokewa na madereva wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja akikuita mjomba au dada na kushika mkono wa sanduku lako. Usiachie sanduku mpaka bei imekubaliwa. Njia tatu zipo. Matatu za kwenda mjini ndizo za bei nafuu, nazo zinafaa ukiwa unakwenda kulala. Teksi ya programu ya simu, kama Uber au Bolt, inakuonyesha bei kabla, ingawa mara nyingine dereva atakuomba utembee hadi nje ya lango la stesheni. Tuk-tuk ni nafuu na hupenya foleni, ila kwa watu wawili wenye masanduku mawili makubwa unakaa umekunja magoti hadi Makupa, na upepo wa barabara ya malori si wa kuvuta kwa umbali ule. Bodaboda sitaitaja kwa mtu mwenye mizigo.

Anayekuja kwa basi la moja kwa moja kutoka Kisumu au Nakuru hushukia Mwembe Tayari au jirani yake, kisiwani tayari, na hapo amebakiwa na mwendo mfupi hadi Kilindini. Kwa mwendo huo tuk-tuk ndiyo chombo chenyewe. Mwambie dereva "Kilindini, kwenye meli za watalii," na umwonyeshe ule ujumbe wa wakala wenye jina la lango. Ukisema "bandarini" peke yake, au "Feri", anaweza kukupeleka kwenye kivuko cha Likoni, ambako utaingia katikati ya maelfu ya watu wanaovuka kwenda kusini.

Siku meli kubwa inapokuwa gatini, mji hubadilika. Norwegian Dawn, iliyotia nanga Mombasa Januari 2023, ni meli inayobeba abiria zaidi ya elfu mbili, na watalii wa meli kama hiyo wakishuka, mabasi na magari ya kitalii hujipanga tangu asubuhi kuwapeleka Fort Jesus, Tsavo na kwingineko. Kwa hiyo ondoka hotelini mapema, hata kama hoteli yako iko Barabara ya Moi karibu na zile pembe za ndovu na gati linaonekana kama liko mlango wa pili. Mimi hutenga saa nzima kwa mwendo ambao siku ya kawaida ni wa dakika kumi na tano. Anayelala Nyali avuke daraja mapema zaidi, na anayelala Diani aihesabu feri ya Likoni kama safari yenyewe, au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu.

Kwa wanaobaki

Waliokuja kusindikiza wasirudi nyumbani kutoka langoni. Mama Ngina Waterfront, upande wa kusini wa kisiwa, ina mahali pa kuegesha, viti na wauza mihogo ya kukaanga, na meli yoyote inayotoka Kilindini kwenda bahari kuu lazima ipite hapo mbele, kwenye mkondo mwembamba kati ya kisiwa na Likoni. Dada yangu alipoondoka kwenda kazini melini, mama yetu, aliyezaliwa Molo na ambaye hajawahi kuingia majini kupita magoti, alisimama pale kwenye ukuta na leso mkononi kuanzia saa kumi. Meli ilipita karibu kiasi kwamba tuliwaona watu wadogowadogo kwenye ghorofa za juu wakipunga mikono, na mama akapunga mpaka meli ikawa ndogo. Hakujua ni yupi kati yao aliyekuwa bintiye. Ukisindikiza na wazazi, wapeleke pale mapema, saa moja kabla ya meli kung'oa nanga, kwa sababu maegesho hujaa jioni, hasa mwisho wa juma.

Hatua ya sita: kurudi

Siku ya kurudi hupangwa vibaya kuliko ya kwenda, kwa kuwa mtu amechoka na fedha zimepungua. Meli inaweza kufunga gati alfajiri na abiria wasishuke mpaka saa tatu au saa nne asubuhi, wakisubiri uhamiaji na forodha. Usikate tiketi ya garimoshi la saa mbili asubuhi. La saa tisa alasiri linakutosha, nalo hukufikisha Syokimau usiku wa mapema.

Na hapo ndipo ninapokusihi mara ya mwisho. Usiingie barabara ya Nakuru usiku huo ukiendesha mwenyewe baada ya kutwa nzima ya safari. Mteremko wa Mai Mahiu, ukungu wa Kinungi, na kwa wanaoendelea hadi Kericho na Kisumu, sehemu ya Salgaa na Sachangwan, zimechukua watu wengi waliokuwa wanasinzia kwenye usukani. Lala Nairobi. Asubuhi nenda kwenye gari ukiwa na risiti na zile picha, linganisha mita ya kilomita kabla ya kumlipa mtu yeyote, tazama magurudumu uone kama yamepungua upepo, kisha fungua boneti na urudishe kichwa cha betri, kaza nati kwa spana namba kumi, na uiache injini inguruma dakika chache kabla ya kutoka langoni.